Miji Mitatu ya Kucheza Kabla Bea Hajajibu

Tangu nirudi sijaweza kupima kitenge hata yadi mbili bila mtu kuniuliza. Mnaingia dukani, mnashikashika kitambaa kama wanunuzi, halafu swali linawatoka: "Enhe, Amerika kulikuwaje? Na Bea alimjibu nini yule bwana?" Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka. Huyu kapata Miami, yule kapata Atlanta, na juzi nikasikia mtaani kwamba tulikamatwa na polisi. Hatukukamatwa. Leo nafunga duka mapema niandike yote kwa mara moja, kila mtu asome, kisha mniache nifanye biashara.

Kwa msiotujua: mimi ni Zuhura, mtu wa Tanga, nauza vitenge hapa Durban. Bea ni Mkongo wa Bukavu, ana saluni South Beach ya hapahapa Durban, chini ya ghorofa analoishi. Miaka saba sasa, kila Jumamosi, tunakwenda kucheza pamoja. Pombe siinywi, nakaa na soda yangu, lakini ngoma ikilia mimi si mtu wa kubembelezwa.

Sasa mwezi wa pili mwaka huu wa 2013, Selestin akamposa Bea. Selestin alifiwa na mke, ni Mkongo wa Kalemie, anaendesha mashine ya kunyanyua mizigo kwenye ghala moja Mobeni, na kanisani kwao ni diakre, yaani shemasi. Kanisa hilo halitaki mke wa diakre aonekane kwenye dansi. Bea akaniita saluni nisikie alivyomjibu, mbele ya mteja mwenye dawa kichwani.

"Nilimwambia, Diakre, nipatie wakati mpaka nirudi toka Amerika. Kule nitacheza mpaka nishibe. Nikishiba, nitakujibu."

"Naye akasemaje?"

"Akasema, enda, nitangojea. Ile tu."

Nami niseme wazi: nilitaka ajibu hapana. Selestin hana neno na mtu, hata mimi ananiita dada. Lakini nimeachika, wanangu wako Tanga kwa bibi yao, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kujisikia mtu. Kila nikisali nilikuwa naingiza na hilo ombi.

Durban: kuchagua miji

Safari tulishaidunduliza muda mrefu. Kilichobaki ni miji, na miji ilichaguliwa kwenye kiti cha saluni. Kila aliyekuja kusukwa aliulizwa: ukienda Amerika kustarehe usiku, utaenda wapi? Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika, na hakuna hata mmoja aliyesema sijui.

Bea alitaka Las Vegas. "Kule iko mwanga mingi, Ya Zuhura. Usiku iko sawa muchana." Ya ni dada mkubwa kwa Wakongo, nimemzidi miaka minne na hajawahi kunisahaulisha.

Nikamwambia sivuki bahari kwenda kutazama taa, taa zipo bandarini. New York tukaikataa kwa kuwa kila mtu Durban ana binamu kule. Hilo ndilo lilikuwa sharti letu kubwa: tusiende mahali penye ndugu. Ukishuka penye ndugu, starehe yako imekwisha. Atlanta ilikuwa lazima, ndege ndiko inakotua. Miami ililetwa na mke wa baharia mmoja aliyeapa kwamba watu wa huko hulala mchana. New Orleans niliitaja mimi, kwa sababu mteja wangu Mmarekani aliwahi kuniambia kwamba kwao watu hucheza barabarani, na Bea akakubali ili tuache kubishana.

Baada ya hapo tukafanya jambo ambalo kwetu halihitaji hata kufikiriwa. Tulishona sare. Huwezi kwenda kwenye shughuli na shoga yako kila mtu na nguo yake, mkaonekana kama mmekutana njiani. Nikashusha majora matatu: la bluu la Atlanta, jekundu la Miami, la manjano la New Orleans. Gauni moja moja, vilemba juu. Hatukujiuliza Wamarekani watatuonaje.

Durban hadi Johannesburg, na kukwama

Tulivaa la bluu tangu nyumbani. Johannesburg tukaambiwa ndege ya Atlanta ina kifaa kinabadilishwa, tusubiri. Tukasubiri mpaka watoto wa watu wakalala sakafuni.

Mama mmoja wa Umlazi, anayekwenda kumwona binti yake, alitukodolea macho muda mrefu, kisha akauliza kwa Kiingereza, "Ninyi ni kwaya ya kanisa gani?"

Nikamwambia sisi si kwaya, tunakwenda likizo. Hakuniamini. "Watu wawili, nguo moja, halafu si kwaya? Eish! Imbeni kidogo, tumechoka hapa."

Nilidhani Bea atacheka. Badala yake akasimama, akaimba wimbo wa kanisani kwao kwa Kifaransa, sauti ndogo kwanza, halafu sauti yenyewe. Yule mama akaingia na ya chini kwa Kizulu, na ukumbi mzima wa watu waliokasirika ukatulia. Tulizawadiwa mkate wa mvuke uliofungwa kwenye karatasi ya fedha, bado laini. Nilikula kwa raha, lakini moyoni nikawa na wasiwasi. Huyu mtu tunakwenda kucheza dansi, mbona anaimba tenzi vizuri namna hii?

Atlanta: kosa la simu moja

Tunatoka pale mlangoni, naona bango lina majina yetu. Nikamgeukia Bea.

"Nilimwambia Mado peke yake," akasema. "Ni binamu wangu, Ya Zuhura. Angesikia kwa bantu bengine, ingekuwa haya."

Mado alikuja na mume, magari mawili na shada la maua. Hoteli tuliyolipia hatukuiona hata paa. Nyumbani kwake kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, ugali wa muhogo, dagaa wa kukaanga na watu kama thelathini walioitwa kuja kututazama. Chakula sikilalamikii, ile sombe ningeomba tena leo. Lakini kila mgeni alikuwa na swali lake kuhusu Afrika Kusini, kila swali likawa na maombi yake, na Bea akaanza kujipaka wanja wakati Durban ingekuwa ndiyo saa ya kutoka.

Kwetu, mnajua, ukumbini huingii kabla ya saa sita usiku, utaonekana huna kazi. Tukafika ukumbini tukiwa tumepiga kilemba, tunang'aa, na baada ya nyimbo chache taa zikawashwa. Mlinzi anapandanisha viti.

"Tunafunga, akina mama."

"Munafunga nini?" Bea akamuuliza. "Hata jasho haijatoka!"

Usiku wa pili tukajifanya wajanja, tukaenda mapema. Tulikuwa sisi, mpiga diski na kijana anayefuta glasi. Tukacheza wawili kwenye ukumbi mtupu, mpiga diski akatushukuru kwa kipaza sauti. Watu walipoanza kumiminika miguu yetu ilikuwa imeshakwisha.

Alfajiri hiyo nikashtuka, kitanda cha Bea kitupu. Nikasikia mnong'ono barazani. Alikuwa amejifunga blanketi, simu sikioni, anaeleza ukumbi mtupu na mpiga diski, huku anajizuia kucheka.

"Unaongea na nani saa hizi?"

"Diakre. Kule ni saa ya chai, Mobeni. Iko na dakika kidogo tu."

Nikarudi kulala. Nilijiambia ni adabu tu, anamjulisha amefika salama.

Miami: mlango wa nyuma

Miami hatukuwa na ndugu, namshukuru Mungu. Joto lake ni la Tanga kabisa, mpaka nikamwambia Bea mimi hapa naweza kuzeeka. Tulikula wali na maharage meusi na ndizi mbivu za kukaanga kwa mama mmoja Mkuba ambaye hajui Kiingereza, na sisi hatujui lugha yake, tukaelewana kwa kuonyeshana sahani.

Usiku tukavaa jekundu, tukaenda ukumbi wenye foleni ndefu mpaka kona. Baunsa alitutazama mara moja tu, akaangalia vilemba, akasema kitu kwenye redio yake na kutuita. Nikajivuna. Nikamwambia Bea, unaona, sare inaheshimiwa. Tukapitishwa pembeni, tukakatiza jikoni katikati ya masufuria, tukaingia chumba kidogo chenye kioo kikubwa na wanawake wanne wenye manyoya kichwani.

Mmoja akanisogezea kiti na kopo la poda. Nikakaa. Nilidhani ndiyo ustaarabu wa Miami, mgeni anapewa poda kwanza. Mwanamume mwenye vifaa vya masikio akaja mbio, akatuhesabu kwa kidole, akapiga makofi, na kabla sijauliza tukasukumwa kwenye pazia. Upande wa pili kulikuwa na bendi, taa usoni, na umati.

Nikageuka kutafuta njia ya jikoni. Bea yeye alisikiliza gitaa kidogo, akatabasamu.

"Hii ni rumba yetu, Ya Zuhura! Bameiweka tu pilipili. Fuata miye."

Jamani, tulicheza. Wale wa manyoya walishangaa mwanzoni, kisha wakaanza kumfuata Bea, na watu wakapiga kelele kwa kila alivyozungusha kiuno taratibu, bila haraka, kama mtu anayekoroga uji. Wachezaji wenyewe waliokuwa wanasubiriwa walifika baadaye, wakakuta kazi imeanza, wakapanda nao. Yule mwenye vifaa vya masikio alipogundua kosa lake alishika kichwa, halafu akatuletea juisi. Akatuomba turudi jukwaani kufunga usiku.

Huo ndio usiku tuliouvukia bahari. Nikamtafuta Bea tupande, simwoni. Nikamkuta jikoni karibu na majokofu, kidole kimoja sikioni, anapiga kelele kwenye simu.

"Jukwaani, nakuambia! Na kilemba! Hapana, ngoja, usicheke kwanza, nimalizie."

Ukumbini walikuwa wanatuita. Alinipungia mkono niende peke yangu. Ilikuwa saa ya chai Mobeni.

Sikwenda. Nilikaa juu ya kreti la soda nikamtazama, na hapo ndipo nilipoelewa. Bea alikuwa anacheza ili apate cha kumsimulia Selestin. Jukwaani alifurahi, lakini pale jikoni alikuwa anang'aa. Nilisikia wivu, na huzuni, na nikahisi Jumamosi zangu zinaondoka hivihivi naziona.

New Orleans: Jumapili mchana

Mvua ya radi ilituweka uwanja wa ndege wa Miami karibu siku nzima. New Orleans tulifika miguu ya Bea imevimba, tukalala usiku wote wa Jumamosi katika mji tulioambiwa haulali. Mteja wangu Mmarekani asisikie.

Jumapili tukavaa manjano, tukatoka kutafuta chakula. Nikaagiza mchuzi wa bamia, nikamuuliza muuzaji kama una nyama ya nguruwe. "Hapana mama, hauna nguruwe kabisa," akasema, "mna kaa, kamba na soseji." Nikauliza soseji ni ya nini. Akanishangaa. "Ya nguruwe." Kwake soseji ilikuwa kitu kingine, haihesabiki. Nikaishia kuagiza samaki wa kukaanga, na nilipoambiwa ni kambale nilinuna, maana sisi watu wa Tanga kambale tunawaachia watu wa bara. Bea alikula wake na wangu.

Tukiwa tunanawa mikono tukasikia matarumbeta. Nilidhani ni kampeni za uchaguzi. Ikatokea kona ya barabara bendi, nyuma yake wanaume na wanawake wazima, wamevaa suti za manjano kuanzia kofia mpaka viatu, mikanda ya nakshi begani, mapepeo ya manyoya mikononi, wanacheza katikati ya njia mchana kweupe. Robot, yaani taa za barabarani, zilikuwa zinawaka nyekundu na kijani bure, magari yote yamesimama. Na wote walikuwa na sare.

Mwanamke mmoja mnene akatuona, rangi ileile ya kwao, vilemba vya sare. "Ninyi chama gani?"

"Cha Durban!" Bea akajibu.

"Sasa mnafanya nini pembeni? Ingieni!"

Hakuna aliyetuuliza kama sisi ni kwaya. Tulitembea na kucheza nao mitaa kwa mitaa, watu wanatoka vibarazani kushangilia. Yule mwanamke alinieleza kwamba vyama hivyo vilianzishwa zamani na watu wao kwa ajili ya kuchangiana ugonjwa na kuzikana, na wanachama hushona pamoja kila mwaka. Nikamwambia hata sisi tuna chama cha kuzikana Durban, na sare tunashona. Akanikumbatia kama tumepotezana sokoni. Niliona raha sana, sijui niielezeje. Nilikuwa mbali na kila mtu wangu na nikajisikia niko kwetu.

Mbele yetu alikuwepo mzee mrefu mwenye pepeo kubwa kuliko wote, anaruka kwa mguu mmoja. Tuliposimama kunywa maji Bea alimuuliza, mzee, wewe ukirudi kanisani watu wanasemaje?

"Kanisani?" mzee akacheka. "Binti, mimi ni shemasi. Nimetoka ibadani, nikabadili viatu tu."

Bea hakucheka. Akamwangalia kutoka kofia mpaka viatu, akaniita. "Ya Zuhura, mupige video. Anacheza, mupige."

Nikampiga mzee video anacheza, Bea yuko ubavuni mwake. Akaituma Durban palepale, na maneno machache tu chini yake: huyu ni diakre, ametoka kusali. Kisha akanirudishia pepeo nililopewa na yule mwanamke, alilokuwa amenishikia, na kuendelea kucheza, lakini kila baada ya kona anatazama simu.

Usiku Selestin hakujibu. Saa ya chai ya Jumatatu Bea akapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita, ikakata.

"Nilimutusi," akasema. "Ataona nimemufundisha kazi ya Mungu. Nilipashwa kunyamaza."

Nilipaswa kufurahi, si ndilo ombi langu hilo? Nilikaa kitandani kwake nikamkanda miguu iliyovimba na nikamchukia Selestin kwa kutoshika simu.

Kurudi

Ya safari ya kurudi sina mengi. Bea hakula kwenye ndege, mimi nikala sahani mbili kwa hasira. Johannesburg hatukukwama hata kidogo, siku ambayo tungependa kukwama.

"Akiwa hayuko pale Durban," akaniambia tukiwa tunatua, "usiseme neno. Tunachukua taxi, tunaenda."

Alikuwepo. Siku ya kazi, saa ya kazi, amesimama kwenye geti la wanaowasili na suti yake ya Jumapili, kofia mkononi. Bea akasimama mbele yake mbali kidogo. Mimi nikashikilia troli lenye masanduku yetu yote, sijui niende wala nibaki. Hawakupeana mkono.

"Ile video niliona," Selestin akasema.

"Najua uliona. Na simu haukushika."

"Sikukuwa na neno. Nilikuwa naangalia tu. Nimeangalia mpaka kazini banasema niko mugonjwa."

Bea akamsogelea. "Nakuambia mbele ya Ya Zuhura. Sikushiba, Selestin. Nilifikiri mutu anashibaka. Haiko vile. Kama unatafuta bibi wa kuacha kucheza, si miye."

Selestin akageuzageuza kofia mkononi. Watu wanapita na mizigo yao, wanatuzunguka.

"Yule muzee," akauliza, "ni diakre kweli?"

"Kweli kabisa."

"Anacheza mubaya."

Bea akanigeukia mimi, kisha akamgeukia yeye.

"Mabega anapandisha sana," Selestin akasema, na alikuwa hatanii, alikuwa anaeleza kama mtu anayeeleza mzigo uliopakiwa vibaya. "Na muguu wa kushoto unachelewa. Zamani, mbele ya kuokoka, Ya Zuhura, Kalemie yote ilinijua. Angalia."

Akanipa kofia yake. Akashusha mabega, akasikiliza kitu ambacho sisi hatukisikii, na mbele ya geti la wanaowasili, bila muziki, kwa viatu vya kanisani, akacheza. Hatua chache tu, laini, kiuno kimetulia. Kisha akasimama, akafuta uso kwa leso, akatazama kulia na kushoto kama kuna mtu wa kanisani.

"Na pasta nitaongea miye mwenyewe," akasema. "Akitaka kazi yake ya udiakre, nitamurudishia. Sasa unijibu. Nimengojea."

"Ndiyo," Bea akasema. Akalia palepale. "Ndiyo, Selestin, ndiyo."

Kigelegele kikalipuka, mpaka mama wa Kizulu aliyekuwa anapiga deki akaegesha fagio lake na kujibu kwa chake, na wengine wawili kule kwenye foleni ya taxi wakapokea. Nilichelewa kujua kilichoanza kimetoka kwa nani. Kilikuwa changu, mimi niliyeomba tangu mwezi wa pili aseme hapana.